Mashahidi Watatu wa Jiwe Moja

Mimi ni mtu wa kushuku. Wengine huzaliwa na sauti nzuri, wengine na mkono wa kupika. Mimi nilirithi shaka kutoka kwa baba yangu. Alikuwa na duka la vipuri vya magari katika mtaa wa Buyenzi, na msikitini kwetu alikuwa mmoja wa wazee waliowahoji watu walioona mwezi. Jioni ya kutafuta mwandamo watu walipanda mapaani wakakodolea macho milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na hakukosekana mtu wa kuja mbio akiapa kwamba ameuona. Baba hakuwa mwepesi wa kufurahi. Aliwatenganisha mashahidi, mmoja sebuleni na mwingine uani, akamwuliza kila mmoja peke yake kabla hawajasikilizana. Ulikuwa juu ya mlima upi? Ulikuwa umelala au umesimama? Jua lilikuwa limeshazama? Mwaka mmoja mtu alisema pembe za mwezi zilitazama chini. Baba alimwambia akanawe uso kwanza, halafu aende akale chakula chake cha jioni bila wasiwasi.

Kwa hiyo vita vilipoingia na mji mzima ukaanza kushukiana, mimi nilikuwa nimeshafuzu. Watu wazima walijifunza upya mambo niliyoyajua tangu utotoni: kumsikiliza mtu akisema "sisi" na kupima anamaanisha nani, kuangalia nani amefunga duka mapema, kujiuliza kwa nini jirani anahamisha magodoro mchana. Lisemwalo lipo, tulisema, na kama halipo laja. Mama alinionya kwamba dhana nyingine ni dhambi. Nilimjibu kwamba dhana nyingine ndiyo iliyotufikisha hapa tukiwa hai, akatikisa kichwa na kurudi kwenye mboga zake.

Nilifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari Rohero. Chumba cha walimu kilikuwa na meza moja ndefu, na bila mtu yeyote kutoa amri, meza ile iligawanyika kwa kabila, upande na upande. Ukiingia, mazungumzo yalikatika, kisha yakaanza tena juu ya bei ya sukari. Mimi nilikaa kwenye kona ya mwisho, karibu na dirisha, mahali ambapo hapakuwa pa mtu.

Kwenye kona ile ile alikaa mwalimu wa fizikia. Tulimwita Prof tangu alipokuwa mwanafunzi mwenzangu chuo kikuu, na hapa pia nitamwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, na alicheka kwa pua tu, kana kwamba kinywa alikuwa amekiweka akiba. Nyumba yake ya Kanyosha ilikuwa imechomwa. Mkewe na watoto walilala katika chumba kimoja kwa shemeji yake, na yeye mwenyewe hakulala mahali pamoja muda mrefu, kwa sababu kuna watu walikuwa wamekuja kumwulizia. Siku zile waliokuja kumwulizia mtu hawakuwa wamekuja kumsalimia.

Siku moja simu ya ofisi ya mkuu wa shule ililia, ikawa ni yake. Aliyepiga ni mzee wa Kizungu aliyetufundisha sote wawili chuo kikuu, bingwa wa hesabu za nyota, ambaye aliondoka mambo yalipoharibika akaenda kufanya kazi katika kituo cha kutazamia nyota huko kwao. Alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, kituo chao kilikuwa kimegundua asteroidi mpya, yaani jiwe moja kati ya yale maelfu yanayolizunguka jua kama sayari zilizonyimwa ukubwa. Lilikuwa halijapewa hata jina. Ya pili, kulikuwa na nafasi moja ya mafunzo, ya mtu wa kuhesabu njia za mawe kama hayo, na mwenye kuipata angeruhusiwa kwenda na familia yake.

Lakini wakubwa wa mzee hawakutaka kumchukua mtu kwa huruma. Walitaka kuona kichwa. Kwa hiyo mzee angelitazama jiwe jioni tatu tofauti, zikipishana kwa siku kadhaa, na kila mara angepiga simu kesho yake asubuhi kumpa Prof mahali lilipoonekana. Kutokana na hizo tatu, Prof angetafuta kwa mkono njia nzima ya lile jiwe kulizunguka jua. Wao walikuwa na kompyuta, jibu walikuwa nalo. Prof akilipata, familia yake ingetoka. Asipolipata, hakukuwa na mlango mwingine, na sote wawili tuliokaa kwenye ile kona tulijua hivyo.

Hesabu ya namna ile haifanywi na mtu mmoja. Hivyo ndivyo mzee alivyotufundisha: wawili, kila mmoja na karatasi zake, hakuna kuchungulia, na mwisho wa kila hatua mnalinganisha. Mkipishana, mmoja amekosea. Prof alinifuata kwenye baraza baada ya vipindi, akatazama huku na huku kabla ya kusema.

"Madamu, niko na kazi ya calcul. Ni murefu."

"Kwa nini mimi?"

"Juu we hukosei."

"Kuna wanaume watatu wanafundisha hesabu hapa."

"Wale siwajui mu roho."

"Na mimi unanijua?"

Akacheka kwa pua. "We ni mutu wa Buyenzi."

Sisi Waswahili wa Buyenzi tulihesabiwa kuwa tumekaa kando. Kwetu walikimbilia watu wa kila namna, wakalala kwenye nyumba zetu na nyuma ya gereji zetu, na kwa hiyo kila upande ulituamini kidogo na kutushuku sana, maana kila upande ulijua tumewahi kumficha mtu wa upande wa pili. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yetu na ndiyo iliyokuwa lawama yetu.

Nilikubali, na sikukubali kwa wema. Nilikuwa na njaa ya hesabu yenyewe. Miaka ile yote nilikuwa nikisahihisha sehemu na asilimia, na sasa nilipewa jiwe la kweli. Msomaji kama ana damu yangu naye atashuku kwamba niliitaka nafasi ile, basi niseme. Sikuitaka. Mama alikuwa anaugua sukari, baba alikuwa anazeeka dukani, na habari za baridi ya Ulaya nilizosimuliwa zilikuwa zimenitosha. Nilimwambia Prof hivyo waziwazi siku ile ile.

"Nani hataki kutoka hapa?" akauliza. Aliuliza kwa upole, lakini alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

Simu mbili za kwanza alizipokea yeye mwenyewe kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Aliniletea namba zilivyo: mahali pa jiwe kati ya nyota, tarehe, saa. Mimi nami nikashuku, kama ilivyo kawaida yangu. Kwa nini mkuu wa shule ampe mtu huyu simu ya ofisi bila kunung'unika? Kwa nini karatasi aliyoniletea ilikuwa nakala na si ile aliyoandikia akisikiliza? Niliandika namba, nikaweka shaka pembeni ipoe.

Kisha ukaja ule wakati ambao vijana walifunga barabara na mji ukafa wiki nzima. Kila mtu alikaa kwake, shule ikafungwa. Prof alikuwa amempa mzee namba ya duka la baba kama akiba, kwa idhini yangu, na kweli simu ya tatu ililia huko. Baba alipokea. Kifaransa chake kilikuwa cha gereji, lakini kwa namba alikuwa hana mpinzani, kwa sababu maisha yake yote aliagiza vipuri kwa simu, na mtu anayekosea namba ya kipuri hukaa na bidhaa isiyoingia kwenye gari lolote. Alimrudishia mzee kila tarakimu mpaka akaridhika, akaziandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa bati wa duka, mahali anapoandika kila kitu.

Aliniambia baadaye wakati wa chakula, kama mtu anayekumbuka kwamba muuza mkaa alipita. "Ule Muzungu wenu alipiga. Iko kwa mulango." Hakusema alipiga lini, nami sikuuliza. Nilipopata nafasi ya kufika dukani nilinakili chaki ile neno kwa neno, namba za mahali, tarehe na saa. Siku mbili baadaye mteja alibeba ekseli begani akaufuta mlango wote kwa shati lake.

Shule ilipofunguliwa tulianza kazi. Tulibaki darasani baada ya vipindi, madawati mawili yamepeana mgongo, kila mmoja na kitabu chake cha logariti, na tuliacha mapema ili kila mmoja afike kwake kabla ya saa ya kufungiwa ndani. Njia yenyewe ni ya kubahatisha kwa adabu. Hujui jiwe liko mbali kiasi gani, kwa hiyo unakisia. Unahesabu kwa kile kisio, hesabu inakuambia kisio chako ni kibaya, inakupa bora kidogo, unarudia. Namba zikiwa nzuri, kila mzunguko unatikisika kidogo kuliko uliopita, mpaka zinatulia kama maji kwenye ndoo iliyotuliwa chini. Nilifurahi siku zile. Milio ya bunduki vilimani niliisikia, lakini niliisikia kama mtu mwenye shughuli.

Zetu hazikutulia. Mzunguko baada ya mzunguko zilitupeleka mahali pa ajabu, na mwishoni tulipogeuka kulinganisha, karatasi yangu na yake zilikubaliana kwa kila tarakimu na zote mbili zilisema upuuzi mmoja. Jiwe letu, kwa mujibu wa hesabu, halikuwa na njia ya kulizunguka jua hata kidogo. Lilitoka mbali kusikojulikana, lilipita kwa kasi ya mwizi, na halingerudi tena milele.

Kama tungepishana ingekuwa afadhali. Mmoja angekuwa amekosea, angeomba radhi, tungerudia. Lakini wawili wanaohesabu kila mmoja kivyake na kufika mahali pamoja hawajakosea hesabu. Namba tulizopewa ndizo mbaya. Tulikuwa na mashahidi watatu na mmoja wao alikuwa mwongo, na kwa mashahidi watatu huwezi kujua ni yupi mpaka uwe na wa nne, nasi wa nne hatukuwa naye. Simu ya kwenda Ulaya sisi hatukuweza kupiga; mzee angepiga Jumatatu kutaka jibu.

Prof alipanga penseli zake.

"Zile mbili nilishika mi mwenyewe," akasema. "Proviseur alikuwa pale mu ofisi yake, alisikia."

"Sijasema kitu."

"Ya tatu ilitoka kwenu."

Kwenu. Mji mzima ulikuwa umekufa kwa neno hilo. Nikamwuliza kwetu ni wapi, ni kwa baba yangu au ni kwa Waislamu, anieleze vizuri nisikie.

"Nataka kuona pale uliandikia," akasema.

"Iliandikwa kwa chaki mlangoni. Imefutika."

"Imefutika." Alilirudia neno polepole, akafunga kitabu chake cha logariti na kutoka bila kuniaga.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika mpaka nikapita mtaa wetu. Kisha hasira ikapoa, na ikipoa kwangu huwa inaacha shaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alinileta kwenye kazi hii? Nani aliniletea nakala badala ya karatasi yenyewe? Huenda alikuwa na namba za kweli kwake, akanipa mimi za uongo, na kule kukubaliana kwetu darasani kulikuwa maonyesho. Lakini angepata nini? Nilitafuta sababu usiku kucha nikapata tatu, zote mbovu, na asubuhi nilimwamkia kwa kichwa tu. Naye aliniamkia kwa kichwa tu. Kwenye kona yetu ya dirisha ikaingia ile desturi ya meza nzima, tukazungumza bei ya sukari.

Nilijaribu kuwahoji mashahidi wangu mmoja mmoja. Nilibadilisha tarakimu moja ya wa kwanza, nikahesabu; upuuzi. Nikabadilisha ya pili, vivyo hivyo. Mtu anaweza kuzeeka hivyo. Watu wote niliwashuku isipokuwa yule aliyenifundisha kushuku, maana kwangu neno la baba juu ya namba halikuwa la kuulizwa.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, na mama akapita na chetezo akifukiza udi vyumbani kama alivyofanya kila wiki, kwa sababu usiku wa Ijumaa ulikuwa umeingia. Nilikuwa nimeinamia karatasi zangu, moshi ukanipita usoni, nikakohoa. Kisha nikaacha kukohoa. Kwa mama ilikuwa tayari Ijumaa. Kwa baba pia. Kwa mzee wa Kizungu na kwa jiwe lake ilikuwa bado Alhamisi, mpaka usiku wa manane.

Baba alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka baada ya sala. Nikaketi mbele yake.

"Baba, ule Muzungu alipiga siku gani?"

"Ijumaa asubuhi. Mulango sikuwa nimefungua wote."

"Alisema aliona jiwe lini?"

"Alisema jana jioni tu, saa tatu ya usiku na kitu. Tarehe hakutaja."

"Na we uliandika tarehe gani?"

Akanitazama. Miaka yote aliuliza yeye. "Unaniuliza kama shahidi?"

"Nakuuliza, Baba."

"Ya Ijumaa. Ulitaka niandike gani? Jua ilikuwa imekwisha zama."

"Kwa Wazungu siku inaanza saa sita ya usiku."

"Saa sita ya usiku," akasema baba, "nani anaiona?"

Jua likizama kila mtu ni shahidi. Nilimbusu mkono nikarudi ndani, nikarudisha tarehe ya tatu nyuma siku moja, nikaanza upya. Ijumaa baada ya sala ya mchana namba zilianza kutulia. Kila mzunguko ulitikisika kidogo kuliko uliopita, mpaka jiwe likaingia mahali pake kati ya Mirihi na Mshtarii, likizunguka kwa utaratibu kwenye njia ya duara iliyobonyea kidogo, jiwe la kawaida kabisa, lisilo na haraka. Nililia kidogo kwa furaha.

Sasa jitie kwenye viatu vya Prof. Siku mbili kabla ya simu, mwanamke aliyekuletea namba mbaya anakuja na namba nyingine, na karatasi ya kwanza haipo, imefutwa na shati la mteja. Nilimweleza yote, udi na magharibi na chaki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nataka kuongea na baba yako," akasema. "We usikuwe pale."

Haikuniudhi. Ndivyo nilivyofundishwa, shahidi huulizwa peke yake. Kesho yake nilimpeleka dukani, baba mwenyewe akanifukuza kwa mkono, nikasimama nje kati ya mafundi waliokuwa wakigonga chasi, na sikusikia hata neno. Mbele yangu kulikuwa na injini imefunguliwa, nikaikodolea macho kana kwamba naielewa. Niliwaza jambo moja tu, kwamba baba hasemi uongo, na kwa hiyo mambo yamekwisha.

Prof alitoka ameinamisha kichwa. "Baba yako ni mutu wa haki sana," akasema.

"Basi umeamini?"

"Nimefanya tena calcul jana usiku na ile tarehe yako. Inafunga. Namba naziamini, Madamu."

"Na mimi?"

"Tuache hiyo," akasema, akavuka barabara.

Niliingia dukani kwa kishindo. "Baba, umemwambia nini?"

"Kweli yote. Kuwa mi ndiye niliandika, kwa mukono yangu."

"Halafu?"

"Halafu nikamuambia, mwanangu, we si wa dini yetu, haujui. Kwetu baba hawezi kutolea mutoto wake ushahidi. Hata nikiapa, kwa sheria usinihesabu."

Nilikaa kwenye boksi. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. "Kwa nini umwambie hivyo?"

"Ulitaka nifiche?" akauliza baba, na alikuwa ameshangaa kweli.

Jumatatu mzee alipiga. Tulikuwa dukani wote watatu, na baba alikuwa amefunga nusu ya mlango ili wateja wasituvuruge. Prof alishika simu kwa mikono miwili. Mbele yake kulikuwa na karatasi mbili, ya tarehe ya zamani na ya tarehe mpya, na mpaka dakika ile sikuwa na hakika angesoma ipi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta. Kama angeamua kwamba mimi ni mwongo mpaka mwisho, angesoma ile ya kwanza, na huko ng'ambo wakubwa wa mzee wangecheka, kisha nafasi ingekwenda kwa mwingine na Prof angerudi kuhama nyumba kwa nyumba na wanawe katika chumba cha shemeji.

Alisoma ya pili. Alisoma polepole, tarakimu kwa tarakimu, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Kisha huko mbali makaratasi yakapekuliwa. Kisha sauti ya mzee ikasikika hadi kwetu tuliosimama pembeni, ikisema ndiyo, ndiyo, ndiyo hiyo. Prof alirudisha simu mahali pake kwa uangalifu kama yai, akakaa juu ya boksi la pedi za breki na kulia kwa sauti. Baba alimwambia Mungu mkubwa. Mimi nilifurahi moja kwa moja bila shaka yoyote, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo tena.

Karatasi za safari zilichukua muda. Katika muda huo tulikaa kwenye kona yetu ya dirisha na alikuwa mwema kwangu, tena mwema kupita kiasi. Alinisogezea kiti. Alinimiminia chai kabla ya yake. Nilijiambia ni shukrani, ingawa nilishuku, maana shukrani huwa haiongei kwa sauti ya chini hivyo.

Siku ya kuondoka alipita Buyenzi kwa teksi, mkewe na watoto wakiwa ndani na mizigo juu ya magoti. Dereva hakuzima gari, alisema wakichelewa barabara ya uwanja wa ndege inaweza kufungwa. Prof alishuka na mkewe, wakanifuata mlangoni pa duka. Baba alikuwa ndani na mteja.

"Madamu, sitaki kusafiri na kitu mu roho," Prof akasema.

"Sema."

"Ile tarehe. Mi najua ilikuwa namna gani. Ile nafasi ilikuwa moja, na we pia ni mutu. Baba yako alijaribu kukufunika, lakini ni mutu wa Mungu, ilimushinda, akaniambia mwenyewe nisimuhesabu." Alinishika bega. "Lakini ulirudi. Ungeweza kunyamaza, na haukunyamaza. Nimekusamehe, Madamu. Mbele ya Mungu, nimekusamehe yote."

Nilikuwa na maneno, tena mengi. Ningeweza kumwita baba. Ningeweza kumwita mama na chetezo chake. Niliumia kuliko nilivyoumia siku aliyosema "kwenu", kwa sababu siku ile alikuwa na hofu, na sasa hakuwa nayo. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Alikuwa amekwisha kuhesabu na jibu lake lilikuwa limefunga.

Dereva akapiga honi. Mmoja wa watoto akaanza kulia ndani ya gari. Mkewe, ambaye nilikuwa sijawahi kuzungumza naye hata mara moja, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunitazama kwa huruma, kama wanavyomtazama mtu aliyepona ugonjwa wa aibu.

"Asante, Prof," nikasema.

Akafurahi sana kwamba nimekiri.